Nani Alichonga Huyo Samaki?

Leo siongei siasa wala mpira. Leo ni historia, lakini usihepe bado, hakuna mtihani mwishoni. Nataka tuongee kuhusu samaki asiyeliwa: samaki wa mbao.

Unamjua, hata kama hujawahi kumnunua. Ubao mkuukuu, rangi imechubuka, hapa bluu, pale kijani. Shimo la msumari ndilo jicho. Mkia umefuata tu vile ubao ulivyopasuka. Ama ni mzizi uliokaa kwa maji mpaka ukalainika, mtu akauokota, akaona mapezi, akachonga kidogo hapa na pale, akaacha. Anasimama kwa kijiti cha chuma pale Maasai Market, kwa mapokezi ya hoteli za Diani, kwa ukuta wa nyumba za Kileleshwa.

Swali langu ni moja tu: nani alimchonga?

Uliza muuzaji. Atakwambia, "Huyu ni wa Lamu." Ama, "Hiyo ni kazi ya Wakamba." Unapewa mahali, unapewa kabila. Jina la mtu hupewi. Na mimi nasema hiyo si bahati mbaya. Hiyo tabia ina historia ya kama miaka mia moja, na ukiifuata vizuri inakuleta mpaka hapa kwetu Gatwekera.

Wacha tuanze na samaki tunayemjua sisi. Ukipita njia yoyote ya huku jioni utaona karai linachemka, na ndani kuna mgongo wazi. Kama hukulelewa huku, nikufafanulie: mgongo wazi ni samaki aliyeshanyolewa nyama. Kichwa, mfupa na mkia. Unakaangwa mpaka unakauka, unakula na ugali, unanyonya kile kimebaki karibu na mfupa. Ni mtamu, sikudanganyi. Lakini jiulize nyama ilienda wapi.

Huyo samaki ni mbuta. Hakuwa wa Ziwa Victoria tangu mwanzo, aliletwa na watu wakati wa ukoloni, miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwani, na viwanda vikajengwa kando ya ziwa, Kenya, Uganda na Tanzania. Viwanda vinakata minofu, minofu inaingia kwa barafu, inapanda ndege kwenda Ulaya. Mfupa ndio unarudi kwa raia. Tanzania wanauita mapanki, na mwaka 2004 filamu ya Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, iliwaonyesha wazungu hiyo mifupa ikianikwa wakashtuka sana. Sisi hatukushtuka. Kwetu ni chakula cha jioni.

Weka hiyo picha kichwani: nyama inaenda, mfupa unabaki. Ndiyo itakusaidia kuelewa samaki wa mbao.

Sasa twende Lamu, kwa sababu wengi wa hawa samaki wenye rangi iliyochubuka ni mbao za vyombo vya baharini. Jahazi, mashua, dau. Chombo kikizeeka, kikioza chini, hakirudi tena baharini. Zamani mbao zake zingeishia kuni ama kuziba ua. Siku hizi mafundi wanazinunua na kuzigeuza fremu za picha, meza, viti, na samaki.

Lakini cheki vile chombo chenyewe kinajengwa. Ndani ya chombo kuna mbavu, zinaitwa mataruma. Taruma zuri halitoki kwa mti ulionyooka. Ukichukua mti ulionyooka ukaukata mpaka upinde, umekata nyuzi zake, na siku ya mawimbi utavunjika. Kwa hivyo fundi anatafuta mti uliopinda wenyewe tangu utotoni. Anazunguka kwenye miti akiangalia matawi, na macho yake yanapima: hili litakaa mbele, hili litakaa tumboni. Kazi ya kwanza ya mjenzi wa chombo ni kuchagua. Shoka linakuja baadaye.

Halafu kuna kitu kingine. Vyombo vya mbao hupakwa mafuta ili mbao zisikauke na kupasuka, na mafuta ya kienyeji yanatoka kwa ini la papa. Unajua yanaitwaje kwa Kiswahili cha pwani? Sifa. Ndiyo, sifa. Neno hilo hilo la kusifiwa. Manze, lugha yetu ina vituko. Ubao umekunywa mafuta ya samaki miaka na miaka, umeumwa na chumvi, umechomwa na jua, halafu mtu anaugeuza samaki. Ubao umepata sifa zake zote. Mchongaji ndiye hajapata.

Kwa nini? Hapo ndipo tunarudi nyuma mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kati ya 1914 na 1918, Waingereza walipigana na Wajerumani huku kwetu, na mizigo ya hiyo vita ilibebwa na vichwa vya Waafrika. Wapagazi walichukuliwa kwa nguvu, wakatembezwa mpaka Tanganyika. Wakafa maelfu kwa maelfu, wengi wao kwa magonjwa na njaa, si risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Sema hilo jina haraka haraka kwa mdomo wa Kiafrika na utapata Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kila siku makanga anaita "Kario, Kario," anataja wale wapagazi bila kujua.

Mmoja wa Wakamba waliofika Tanganyika wakati wa hiyo vita alikuwa Mutisya wa Munge, kutoka Wamunyu, Machakos. Inasimuliwa kwamba akiwa upande wa Dar es Salaam aliwaona Wazaramo wakichonga, akajifunza kwao. Usinielewe vibaya, Wakamba walikuwa wanachonga kitambo: viti vidogo vya wazee vilivyopambwa kwa waya, vijiko, mizinga ya nyuki. Lakini hivyo vilikuwa vitu vya kutumia. Mutisya aliporudi Wamunyu vita ikiisha, alianza kuchonga sanamu za kuuza, na wanunuzi walikuwa wazungu. Watu wa kwao wakaona pesa inaingia, wakajifunza. Kijiji kikawa kiwanda bila ukuta.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia biashara ikalipuka. Mwaka 1958 mchumi anaitwa Walter Elkan aliandika makala nzima kuhusu biashara ya vinyago vya Afrika Mashariki, kwa sababu ilikuwa imekua ikavuka bahari, na ilikuwa imejengwa na Waafrika wenyewe bila serikali ya kikoloni kuwashika mkono. Wachongaji walihamia penye wanunuzi: Mombasa, Malindi, Nanyuki, Gikomba hapa Nairobi. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, wachongaji wa Mombasa wakaunda chama chao cha ushirika kule Changamwe, na kikaja kuwa na maelfu ya wanachama.

Hiyo ni hadithi ya kujivunia, na mimi najivunia. Lakini cheki kilichotokea kwa majina. Duka la London ama New York halikuagiza kazi ya fulani bin fulani. Liliagiza twiga kadhaa, vifaru kadhaa, vijiko vya saladi kadhaa. Ili twiga wote watoshane, kila mtu alichonga kwa mfano mmoja. Na ukichonga kwa mfano mmoja, jina lako halina kazi. Likabaki jina la kabila, "kazi ya Kikamba", likawa kama chapa ya sabuni. Mutisya tunamjua kwa sababu watu wa Wamunyu walikataa kumsahau. Waliomfuata, maelfu yao, ni nani? Minofu ilienda, mfupa ukabaki.

Sasa utaniambia, "Buda, hiyo ni biashara, twiga ni twiga." Sawa. Twiga nakupa. Lakini samaki wa mbao iliyopinda yenyewe ni kesi tofauti kabisa, na kukuonyesha hiyo tofauti nataka nikutambulishe kwa mtu ambaye jina lake, wallahi sitanii, ni Samaki.

Samaki Likankoa alikuwa Mmakonde, mmoja wa wale waliotoka Msumbiji wakaingia Tanganyika kutafuta maisha. Miaka ya 1950 alikuwa anachonga Dar es Salaam na kumuuzia mfanyabiashara anaitwa Mohamed Peera. Siku hizo wanunuzi walitaka sanamu za watu: mzee, mama na mtungi, kichwa. Hadithi inasimuliwa kwa njia kadhaa, lakini kiini ni kimoja: mwishoni mwa miaka hiyo sanamu moja ya Samaki ilivunjika mkono. Mpingo ni mti ghali na mgumu kama chuma, huwezi kutupa tu. Samaki akaendelea kuchonga kile kilichobaki. Haikutoka mtu tena, kikatoka kiumbe cha ajabu, cha kutisha na kuchekesha kwa pamoja. Peera alikipenda, akataka vingine.

Huo ndio mwanzo wa mtindo unaoitwa shetani. Ukiangalia shetani wa Kimakonde utaona hakuna upande ulionyooka. Mti ukiwa na tundu, tundu linakuwa mdomo. Tawi likiwa limejikunja, linakuwa mguu ama ulimi. Mchongaji halazimishi mti uwe mtu, anafuata mti mahali unataka kwenda. Na kwa sababu aliyekuwa akinunua alitaja jina la aliyechonga, na waandishi wakaliandika, leo tunajua kwamba mtindo mzima ulioenea duniani ulianza kwa mtu mmoja, na si kwa "Wamakonde" tu kwa ujumla.

Unaona tofauti? Mahali jina liliandikwa, historia ina mtu. Mahali halikuandikwa, historia ina kabila na bei.

Na hapa ndipo hoja yangu yote imelala. Watu wengi wanaona samaki wa mbao chakavu wanasema, "Aah, huyu ameokota tu, mti ulikuwa hivyo." Eti kwa sababu umbo lilitoka kwa mti, binadamu hakufanya kitu. Mimi nasema ni kinyume. Twiga wa kiwandani unaweza kumtoa mara mia. Samaki wa mzizi huwezi kumtoa mara mbili, kwa sababu hakuna mizizi miwili iliyopinda sawa. Kila mmoja ni uamuzi wa macho ya mtu mmoja siku moja. Ni kama yule mjenzi wa Lamu anayetafuta taruma: shoka ni lile lile kwa kila mtu, macho ndiyo tofauti. Kwa hivyo kama kuna kazi ya mkono inayostahili jina la mtu, ni hii.

Lakini kwa nini mbao chakavu? Kwa nini watu wasikate tu mti mpya? Swali zuri. Na jibu liko kwa jina la mtaa wetu.

Kibera, ama Kibra kama wenyewe wanavyoitamka, ni neno la Wanubi, na maana yake ni msitu. Wanubi ni wazao wa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, wakaambiwa wakae hapa. Mwaka 1918 hii ardhi iliwekwa kwenye gazeti la serikali kama eneo la jeshi, ekari 4,197. Mwaka 2017 Wanubi walipopewa hatimiliki ya jamii, zilikuwa ekari 288. Hiyo hesabu fanya mwenyewe. Ninachotaka uone leo ni hili: tunakaa mahali panaitwa Msitu, na mti wa kuchonga hakuna.

Zamani ulikuwepo. Karibu na sisi kuna Msitu wa Ngong, na upande ule mwingine wa jiji kuna Karura. Kwenye misitu hiyo miwili kuna mti wa asili unaitwa muhugu, pwani wanauita muhuhu. Mgumu, unanukia vizuri, mchwa hawautaki. Nyumba za kizamani za Nairobi zenye sakafu za vipande vya mbao vinavyong'aa, nyingi ni muhugu. Wachongaji nao waliupenda, pamoja na mpingo. Sakafu zikakula, vinyago vikakula, makaa na mashamba yakakula. Mti wenyewe unakua polepole sana. Kufikia miaka ya 1990 watafiti walikuwa wanakadiria Kenya ina wachongaji kama 60,000, na miti mizuri ilikuwa inafuatwa mbali zaidi kila mwaka.

Ndipo ikaja kampeni ya kuhamisha wachongaji kwa miti mingine. WWF, UNESCO na bustani ya mimea ya Kew ya Uingereza walikuwa na mradi wa pamoja, wakaenda kwa wachongaji wakawaambia: tumieni mwarobaini. Mwarobaini umejaa pwani, unamea hata kando ya barabara, unakua haraka. Wachongaji wengi walikubali, na wengine walikuwa washaanza kuchonga mwembe na jakaranda bila kuambiwa na mtu. Halafu mwaka 2017 mpingo na jamaa zake wote wakawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kumaanisha biashara ya kuuvusha mpaka inadhibitiwa. Na Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji miti kwenye misitu yake. Walisema siku 90. Ilikaa mpaka Julai 2023, rais alipotangaza kuiondoa.

Sitetei ukataji. Nairobi bila Ngong na Karura tungekuwa tunapumua moshi mtupu. Nataka tu uelewe kwamba samaki wa mbao chakavu hakuzaliwa kwa sababu watalii walianza kupenda vitu vya kizamani. Hiyo ilisaidia, ndiyo. Lakini fundi asiyeweza kununua mti mpya anaangalia kilicho karibu: jahazi bovu, mlango wa zamani, mzizi ulioletwa na maji. Kule Lamu ni jahazi. Huku kwetu ni kitu kingine.

Huku kwetu ni Mto Motoine. Unashuka kutoka upande wa Msitu wa Ngong, unapita chini ya mtaa, unaingia Nairobi Dam. Mvua kubwa ikinyesha, mto unaleta kila kitu: mifuko, viatu, matairi, na magogo. Baada ya mafuriko ya 2024 na ubomoaji wa nyumba za kando ya mito uliofuata, mbao zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Watu wengi walizichukua kwa kuni ama kujenga tena. Mzee mmoja wa huku Gatwekera, ambaye hataki jina lake liwe kwa simu za watu, alichukua zile hakuna mtu alikuwa anazitaka: zilizopinda, zilizopasuka, zenye mafundo.

Ana tezo, patasi mbili, kipande cha msasa na mkebe wa rangi ya viatu. Hiyo rangi ya viatu ni siri ya zamani ya wachongaji, ndiyo inayong'arisha, na wengine wamefanya nayo mbao nyeupe ziitwe mpingo. Yeye anatumia kidogo tu, mgongoni. Nilikaa naye asubuhi nzima nikirekodi. Kwa saa ya kwanza hakukata kitu. Anageuza mzizi, anauangalia, anauweka chini, anachukua mwingine.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, unangoja nini?"

"Kijana, huu ulishakunja mkia kabla nizaliwe pengine," akaniambia. "Nikikata haraka nitamuua samaki mwenyewe. Wewe rekodi pole pole."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma, na watu huniuliza sana kama najuta. Sijibu hilo leo. Lakini niseme tu kwamba nimekaa kwa madarasa ambayo hayakunifundisha kuangalia kitu kwa saa nzima kabla ya kukigusa.

Samaki alipoisha, mzee alichoma msumari kwa moto, akaandika herufi tatu ndogo chini ya tumbo. Hizo ndizo herufi zake. Broka akaja Jumatano, akachukua samaki wanne kwa shilingi 2,800. Mia saba kila mmoja. Sawa, ni bei walielewana, na mzee alikuwa na kodi ya kulipa.

Wiki tatu baadaye nilikuwa kwa duka fulani la zawadi huko juu, sitalitaja. Nikamwona yule samaki. Namjua, nina video yake, mkia umekunjwa kushoto na kuna tundu la fundo karibu na pezi. Bei: 5,500. Nikamgeuza niangalie tumbo. Pamepigwa msasa, pako laini kabisa. Mahali pa herufi tatu pamebandikwa karatasi ndogo inayosema kwamba ni kazi ya mikono kutoka Kenya.

Wasee, hapo nilishikwa na hasira, na si kwa sababu ya bei peke yake. Duka linalipa kodi, linalipa wafanyakazi, broka naye ana nauli. Hizo hesabu naziona. Lakini kufuta herufi tatu hakupunguzii mtu gharama yoyote. Mtu alitumia muda na msasa kuhakikisha hakuna anayejua nani alichonga. Kwa nini? Kwa sababu ukijua jina unaweza kumtafuta. Ukimtafuta unaweza kuagiza kwake moja kwa moja. Jina ni njia ya kumfikia mtu, na wakifuta jina wamefunga njia. Hiyo ndiyo minofu ya hii biashara. Mzee amebaki na mgongo wazi.

Na nyinyi mnaonisoma mnaielewa hii kuliko wazee wetu walivyoielewa. Mtu akichukua video yako, akakata alama yako pembeni, akaiweka kwa ukurasa wake ikapata watazamaji laki mbili, utalala? Huwezi. Utaandika maneno marefu, utaita marafiki zako waje wapige kelele. Tunajua kabisa kwamba kazi bila jina ni kazi iliyoibiwa nusu. Sasa mbona tukifika kwa mzee wa tezo tunasema "ni kazi ya kienyeji tu"?

Kuna watu wataniambia mambo ya majina ni ya wazungu, eti mababu zetu walichonga kwa ajili ya jamii na hawakuweka sahihi. Nawasikia. Lakini mababu hawakuhitaji sahihi kwa sababu kila mtu kijijini alijua nani alitengeneza kiti cha nani. Mkono ulijulikana. Ukivunjika ulijua mlango wa kubisha. Sahihi inahitajika siku ile kitu kinapotoka kijijini na kwenda kwa watu wasiokujua, na vinyago vyetu vilitoka kijijini tangu siku za Mutisya. Tuko nyuma miaka mia moja kwa hili jambo.

Wengine wataniambia nyinyi vijana wa mtandao mnapenda kufanya kila kitu kesi, watalii wenyewe hawajali. Wengine hawajali, kweli. Lakini kumbuka Samaki Likankoa. Aliyenunua hakumwita "Mmakonde fulani". Alimtaja, na lile jina likafungua kazi kwa wachongaji wengi baada yake, kwa sababu mtu akishajua kuna msanii, anataka kujua wako wangapi na kila mmoja ana nini chake.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji pesa. Kwanza, ukiona samaki wa mbao, mgeuze. Angalia tumbo. Kama kuna herufi, piga picha ya herufi kabla ya picha ya samaki. Pili, muulize muuzaji jina la aliyechonga. Akisema hajui, mwambie utarudi akijua. Wakiulizwa na watu kumi kwa siku watatafuta jibu, hata kama ni kwa sababu ya kuuza. Tatu, kama mtaani kwenu kuna mtu anayechonga, iwe ni mbao, mfupa wa ng'ombe kama mafundi wengi wa huku Kibera, ama sandali zilizookotwa baharini kama wanavyofanya wengine, mrekodi. Muulize kwanza kama anataka ajulikane, na kwa jina gani. Mzee wangu alisema herufi zake tatu zinatosha, na nimeheshimu hilo. Jina ni lake, si langu la kugawa.

Siku hizi anazichoma ndani zaidi, nusu inchi hivi. Anasema mwenye msasa sasa itabidi atoboe samaki.